Mkono wa Ganzi

Uvimbe wa titi ukitakiwa kupimwa, mama wa Bunia huuliza kwanza kama atalazwa usingizi. Mara nyingi hapana. Kwa sindano nyembamba ya kufyonza seli, huenda asipewe ganzi kabisa, kwani kuchomwa ganzi kungemuuma sawa na kipimo chenyewe. Ila kwa sindano nene inayokata vipande vya nyama, ganzi ya lidokeini ni lazima, na hapo ndipo napenda kutazama mikono ya muuguzi.

Anayeijua kazi hana haraka. Hukifumbata kichupa kiganjani hadi ubaridi uishe, maana dawa baridi huchoma. Huanzia juu juu ya ngozi, mpaka patokee kivimbe cheupe kama pameumwa na mbu. Kisha hupitia palepale palipokwisha kufa ganzi, akishuka polepole kuelekea uvimbe, na kabla ya kusukuma dawa huvuta bomba nyuma kidogo: damu ikionekana, sindano imeingia mshipani. Muda wote anaongea na mama. Midomo ikianza kuwasha au masikio kuvuma, dawa imezidi mwilini, na wa kwanza kujua ni mama mwenyewe.

Hesabu hufanywa mapema. Lidokeini isiyo na adrenalini haizidishwi miligramu 4.5 hivi kwa kila kilo ya mwili. Mama wa kilo 50 ana nafasi ya mililita 22 za dawa ya asilimia 1, lakini 11 tu za ile ya asilimia 2, na vichupa hufanana mno. Muuguzi anayesoma lebo mara mbili namheshimu kuliko mwenye mkono mwepesi.

Dawa hii, iliyoundwa Uswidi mwaka 1943 na Nils Löfgren na Bengt Lundqvist, huondoa maumivu ila si kila hisia. Mama atasikia kusukumwa, atasikia na mlio mkali sindano inapokata. Asipoambiwa mapema atashtuka, na ganzi yote itakuwa kama haikuwapo.

Uvimbe mzima ukitolewa, mara nyingi hutumiwa ketamini, dawa ya usingizi ambayo kwa kawaida humwacha mgonjwa apumue mwenyewe. Umeme ukikatika, hilo si jambo dogo. Hata hivyo lazima mtu akae kichwani pake, macho kifuani, hadi aamke.

Baada ya kipimo cha sindano nene, kidonda hukandamizwa kwa dakika kadhaa. Ganzi huisha baada ya saa moja au mbili, na mama hupewa parasetamoli, si aspirini, isije damu ikaendelea kuvuja.