Koti jekundu la Mabamba

Jamani! Nimeliona, nimelishika, nimelivaa, na bado sijatulia. Asubuhi walikata kamba za belo la mitumba sokoni Mabamba, huku kwetu mpakani na Burundi. Zikamwagika sweta, zikamwagika jaketi za watoto, halafu likatoka lenyewe: koti la sufu, jekundu, refu kuvuka magoti, mabega ya mviringo, kiuno kimebanwa, chini limeachia kama mwavuli. Nililidaka kabla halijagusa turubai.

Wapenzi wa michoro ya mitindo ya Paris mtanielewa. Februari 12, 1947, Christian Dior alionyesha mkusanyo wake wa kwanza, na baada ya miaka ya vita na nguo finyu za mgawo, kitambaa kikaanza tena kumwagwa bila huruma. Aliyeniingiza mimi kwenye ugonjwa huu ni mchoraji wake, René Gruau, mzaliwa wa Rimini, Italia, aliyechukua jina la mama yake Mfaransa. Huyo bwana anapiga mstari mmoja mnene wa wino mweusi, anaweka bapa la rangi nyekundu, basi. Mkono wa koti hauchori. Anauacha karatasi tupu, jicho lako linaumalizia. Miaka yote nikidhani anatia chumvi, kwamba hakuna nguo inayokaa vile mwilini.

Kumbe ipo!

Ligeuze mgongoni, uhondo uko huko. Kutoka kiunoni vipande vimekatwa kwa kutanuka, kwa hiyo ukipiga hatua pindo linachelewa kidogo, kisha linakufuata. Ni ule mstari wa Gruau kabisa, ila huu una uzito. Matundu ya vifungo yamezungushiwa kitambaa chenyewe badala ya uzi. Fundi wangu aliyatazama akanyamaza, na yule si mtu wa kunyamaza.

Kasoro? Bitana imechanika kwapani, kifungo kimoja hakipo, na lebo imekatwa, hivyo simsingizii Dior wala mtu yeyote wa Paris. Mifuko nayo bado imefungwa kwa uzi wa kiwandani; aliyelinunua mwanzo sijui alikuwa anaweka wapi mikono.

Tukaingia kwenye bei na muuzaji: "Dada, hilo ni zito, la baridi ya Ulaya. Toa 15,000."

"Mama, kifungo hakipo. Pokea 12,000."

Akapokea, tena akanifungia kwenye mfuko. Julai hii, baridi ya alfajiri ya Kibondo inapouma, nimelivaa juu ya kitenge changu cha kila siku, na kitenge kikachungulia chini kama vile kilikusudiwa. Afadhali hata kuliko sketi.

Mafundi wa Kibondo na Kasulu, nawaomba: koti la namna hii likiwaangukia mkononi, msikimbilie kulipasua mkapata vikoti viwili vya watoto. Langu liko kwa fundi wiki hii, linatiwa bitana mpya. Njooni na karatasi zenu mchukue vipimo kabla sijalirudisha nyumbani.