Nani Alimharibu Rosa? Kuisoma Upya Riwaya ya Rosa Mistika

Kila mwaka tunapofundisha riwaya ya Rosa Mistika, insha za wanafunzi hufanana. Zakaria alikuwa mlevi na mkali. Alimpiga binti yake kupita kiasi. Rosa alipofika shule ya bweni akaharibika. Kwa hiyo wazazi wasiwe wakali mno. Jibu hilo hupata alama nzuri. Makala hii inadai kwamba limeruka hatua moja muhimu.

Riwaya hii ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971. Inaanzia Ukerewe, kisiwa kilichomo katika ziwa hili hili tunalochangia sisi wa Uganda na jirani zetu wa Tanzania. Kwa muda ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania, ikidaiwa kuwa inapotosha vijana.

Tuanze na sarufi. Wanafunzi huandika kwamba Rosa “aliharibika”, “alipotoka”, “alipata mimba”. Kauli ya kutendeka humwacha mtenda nje ya sentensi: kikombe kimevunjika, maziwa yamemwagika. Mwanafunzi akiandika “aliharibiwa”, papo hapo swali linazuka: na nani? Na riwaya ina majibu. Yupo Deogratias, mtu mzima mwenye cheo. Yupo mkuu wa chuo cha ualimu, aliyepaswa kumlinda. Yupo Charles, anayemkataa kwa kuwa si bikira, naye Rosa anajiua.

Je, kipigo cha nyumbani kinahusianaje na haya? Zakaria anampiga Rosa kwa sababu ya barua ya Charles. Kosa la Rosa ni kuandikiwa. Hapo anajifunza somo moja: afanyalo mwanamume hulipiwa kwa mgongo wa msichana. Tena anajifunza kunyamaza, kwa kuwa mtu ambaye angemkimbilia ndiye huyo huyo anayeshika fimbo. Kwa hiyo wanaume wengine wanapomjia, wanamkuta hana mtetezi. Kipigo hakikumfanya Rosa kuwa mhuni; kilimwacha bila ulinzi.

Hili si jambo la riwaya tu. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na karibu robo tatu walipigwa au kuumizwa mwili. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha pia kwamba msichana aliyetendewa ukatili utotoni yumo hatarini zaidi kutendewa tena ukubwani, hata na mpenzi au mume. Lakini hatari si hatima: wengi hupona, hasa wanapopata mtu wa kuwasikiliza.

Hapa ndipo riwaya yenyewe inapopungukiwa. Rosa hapewi msikilizaji wala njia nyingine isipokuwa kifo. Tena mwishoni baba na binti wanashtakiana mbele ya Mungu, na kesi inabaki kati ya hao wawili. Waliomtumia Rosa hawaitwi kizimbani. Wahakiki wanaohitimisha kwa “malezi mabaya” wanaifuata hukumu hiyo finyu badala ya kuihoji.

Wenzangu walimu, badala ya kuuliza “Jadili kuharibika kwa Rosa”, tuulize: “Ni nani waliomtendea Rosa ukatili, na ni nani angeweza kuuzuia?” Tukumbuke pia kwamba darasani wameketi wasichana wanaomjua Zakaria kwa sura nyingine na jina jingine. Tukimwita Rosa “malaya” ubaoni, nao wanaandika katika madaftari yao, na wanazidi kunyamaza. Tukitamka “alitendewa”, huenda mmoja wao akabaki baada ya kipindi akatafuta mtu wa kumwambia.