Ketamini kiboko ya umeme? Taratibu kwanza

Utafiti wa Marekani uliotoka 2023 kwenye New England Journal of Medicine unanukuliwa kila kona: kati ya wenye sonona sugu, 55% walipata nafuu kwa dripu ya ketamini, 41% kwa tiba ya umeme. Sawa. Ila wenye sonona ya kufikia kusikia sauti hawakuingizwa kabisa, na hao ndio umeme huwasaidia sana. Mbona wanaoshangilia wanaliruka hilo?

Halafu tupige hesabu ya Rudewa, Kilosa. Ketamini si ngeni, ni ileile ya nusu kaputi. Ishu ni ratiba: dripu 2 kwa wiki, wiki 3. Mtu asiyeweza hata kutoka kitandani, nani atampeleka mjini mara 6? Umeme ndo kabisa: mara 3 kwa wiki, na kila safari nusu kaputi.