Mwaka wa Tuzo, Mwaka wa Kitabu

Mohammed Ghassani, mshairi wa Pemba, alitunukiwa Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ya mwaka 2015 kwa diwani ya N'na Kwetu. Kitabu kikatoka Mkuki na Nyota mwaka 2016. Karani wa hifadhidata isiyo na safu ya muda wa ustahiki hudhani pana kosa, akaisawazisha miaka, na mswada ukageuka kitabu. Kumbe kanuni ilipokea miswada, pamoja na vitabu vilivyochapwa ndani ya miaka miwili ya mwaka wa tuzo. Ni jambo dogo kwa mkutubi, si kwa malenga. Mtunzi wa Masanze, kule Kilosa, mwenye daftari tu, akiisoma rekodi hiyo ataamini mlango haukuwa wake.