Ngozi Isiyotupwa

Kuna watoto wa kiume wanaozaliwa tundu la mkojo likiwa chini ya uume badala ya kwenye ncha. Hali hiyo huitwa haipospadiasi, na humpata takriban mtoto 1 katika kila wavulana 300. Mara nyingi govi hurundikana upande wa juu tu, na uume huweza kupinda.

Ufundi wa kuirekebisha nauheshimu sana. Mtoto akishalala kwa dawa ya usingizi, daktari huvaa miwani ya kukuzia, huachanisha ngozi taratibu, kisha huingiza maji ya chumvi ili uume usimame aone kama umenyooka. Akiridhika, hugeukia utepe wa ngozi laini ulioachwa pale mrija wa mkojo ulipopaswa kuwa. Mwaka 1994, Warren Snodgrass wa Marekani alieleza namna ya kuuchana utepe huo katikati kwa urefu, upate upana wa kukunjwa kuuzunguka mpira mwembamba. Hapo ndipo mrija mpya huzaliwa, kwa nyuzi nyembamba kama unywele, kingo zikikunjiwa ndani mshono baada ya mshono.

Kazi haijaisha. Mshono ukiachwa wazi chini ya ngozi, mkojo huweza kutoboa njia pembeni, yaani fistula. Kwa hiyo daktari huchukua tabaka laini la chini ya govi, akalilaza juu ya mshono kabla ya kufunga. Mpira hubaki kwa takriban wiki moja.

Govi, basi, ndilo kitambaa cha akiba cha fundi huyu, na tohara hukitupa. Kwa Wasukuma wa Shinyanga na Geita tohara haikuwa mila; imeenea zaidi kupitia huduma za kuzuia VVU. Mhudumu anayemkagua mtoto kabla ya tohara, akaona tundu liko chini, akaweka kisu pembeni na kuandika rufaa, ameshaifanya hatua ya kwanza ya upasuaji.

Rufaa nyingi huelekea hospitali ya Bugando, Mwanza, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, mama wa Geita hasubiri tena kivuko. Umri unaopendekezwa kwa upasuaji huu ni miezi 6 hadi 18. Mzazi wa Kahama au Geita, ukiona mkojo wa mwanao unaelekea chini, mwonyeshe nesi mapema, na tohara isubiri.