Pale Gari Linapokubali Kulegea: Kuusoma Muundo wa Peugeot 504

Ukiisimamisha Peugeot 504 ya saluni kando ya stesheni wagoni yake, kisha ukazitazama kwa mbele, hutapata cha kuzitenga: taa zilezile zenye pande zisizolingana, boneti ileile iliyotulia, uso uleule ambao studio ya Pininfarina iliuchora bila papara. Zizungukie kwa nyuma, nawe utaona kwamba saluni imemalizia kwa kifuniko cha buti ambacho mteremko wake umevunjika katikati, ilhali wagoni imelipeleka paa lake hadi mwisho. Hizo ni tofauti za sura. Tofauti ninayotaka tuisome hapa iko chini, mahali ambapo fundi wa gereji ya Nakuru, akiwa amelala chali juu ya katoni, anapaona vizuri kuliko mhakiki yeyote: nyuma ya saluni kila gurudumu lina mkono wake na hupanda na kushuka peke yake, nyuma ya wagoni magurudumu mawili yamefungwa kwenye ekseli moja nzima, ngumu, inayobeba gari kwa springi nne. Kampuni ni moja na jina la gari ni moja, lakini sehemu inayoamua jinsi abiria atakavyofika imeandikwa kwa namna mbili zinazopingana.

Upinzani huo, kwa maoni yangu, ndio ufunguo wa matini nzima. Ukiuelewa unaelewa kwa nini saluni hii kubwa, pamoja na ndugu zake wa familia moja, ilizoea Bonde la Ufa kuliko magari mengi yaliyojengwa kwa chuma kizito zaidi. Sifa ya 504 husimuliwa kama sifa ya ugumu, nami naona usimulizi huo umeshika upande mmoja tu. Ustadi wa gari hili umo katika kuchagua kwa makini ni wapi likaze na ni wapi likubali kulegea.

Tuanzie kwa watangulizi. Peugeot 403, gari la miaka ya 1950, lilibebwa mbele na springi moja ya mabapa iliyolazwa kukingama, na springi hiyo ilikuwa na kazi mbili kwa pamoja: kuubeba uzito na kuyaongoza magurudumu. Mwaka 1960 ilipokuja 404, mpangilio huo uliachwa. Mahali pake pakasimama nguzo za MacPherson, ambamo springi ya koili hubeba, shokabu iliyo ndani ya nguzo hutuliza, na mkono wa chini huelekeza. Nyuma, 404 ilirithi ekseli ngumu, lakini ekseli iliyofikiriwa upya tofauti na zile za magari mengi ya rika lake. Springi ya koili inajua jambo moja tu, yaani kupanda na kushuka. Haiwezi kuizuia ekseli isisogee mbele, nyuma wala kando. Kazi hizo zikapewa viungo vingine. Bomba la chuma linaloifunika shafti liliungwa imara na difu na likaegemea nyuma ya gia boksi kwa kiungo kinachopinda, likabeba msukumo wote wa magurudumu pamoja na ule msokoto unaotokea dereva anapokanyaga mafuta. Fito ya Panhard ikaizuia ekseli isiyumbe kando. Gari zima, kwa hivyo, lilisukumwa kupitia mgongo wake, na springi zikaachwa huru zifanye kazi yao ya pekee.

Kanuni hii nitaiita mgawanyo wa wajibu, kwa kuwa inarudi karibu katika kila ukurasa wa familia hii. Ilinganishe na springi ya mabapa iliyozoeleka kwenye malori, ambayo hubeba, huongoza, hushika na kuzuia msokoto kwa wakati mmoja, hivi kwamba inapochoka kwa kazi moja inakuwa imechoka kwa zote, na ekseli hupoteza mahali pake. Kiungo chenye kazi moja kinaweza kufanywa laini au kigumu kadiri kazi hiyo inavyodai, bila kuogopa kwamba ulaini wake utaharibu jambo jingine. Springi za 404 zingeweza kuwa laini, zenye masafa marefu ya kupanda na kushuka, kwa sababu hazikuwa na jukumu la kuishika ekseli. Mashindano ya Safari Rally yalikuwa mtihani mkali wa kanuni hii: 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na katika miaka miwili kati ya hiyo, 1963 na 1968, matope yalikuwa ya kutisha kiasi kwamba magari saba tu yalifika mwisho. Dereva Nick Nowicki aliyaongoza yote saba mara zote mbili, akiwa katika gari lenye ekseli ngumu nyuma.

Ndipo ikaja 504, mwaka 1968, ikiibadilisha sehemu ileile iliyokuwa imethibitishwa hivyo. Katika saluni ekseli ngumu iliondolewa. Difu ilitolewa kwenye magurudumu na kuning'inizwa chini ya bodi. Bomba la shafti halikutupwa, bali lilifungwa imara ncha zote mbili, gia boksi upande mmoja na difu upande mwingine, likawa uti wa mgongo mmoja kutoka injini hadi nyuma. Kila gurudumu likapewa mkono wa mshazari, yaani mkono unaolivuta kutoka mbele huku bawaba zake zikiwa zimelala kwa pembe, na juu ya kila mkono ikasimama koili moja. Tazama uchumi wa hatua hii: bomba, ambalo katika 404 lilikuwa likiishika ekseli, sasa linaishika difu isijipinde dhidi ya bodi. Kiungo ni kilekile, dhima ni mpya.

Athari yake huhisika kwanza kwenye murram. Barabara ya murram ikikauka hukunjamana, na gurudumu hulazimika kupanda na kushuka mara nyingi sana kwa kila mita chache. Ekseli ngumu inayobeba difu ni nzito, na kitu kizito hakigeuzi mwelekeo upesi. Hufika juu ya kunyanzi moja kikakosa kushuka kabla ya la pili, gari likaanza kuelea na kuhama kando. Gurudumu la saluni ya 504, likiwa limepunguziwa uzito wa difu, huifuata sura ya ardhi kwa ukaribu zaidi. Tena, la kushoto likiingia shimoni, la kulia halipati habari. Katika ekseli ngumu magurudumu mawili hushiriki kila ajali ya barabara, na abiria hushiriki nayo.

Ulaini huu wote, hata hivyo, unadai upande mwingine uwe mkali. 504 haina fremu ya pekee chini ya bodi. Bodi yenyewe, kwa sakafu yake, kingo zake za milango na mbavu zake zilizokunjwa kama maboksi, ndiyo fremu. Bodi ya namna hii ikilegea, inakuwa springi ya tano, tena springi isiyo na shokabu, na hakuna fundi awezaye kuituliza. Ndiyo maana nasisitiza kwamba ulaini wa magurudumu na ukaidi wa bodi ni sentensi moja: sehemu ya kwanza haina maana bila ya pili. Ukishuka nayo kutoka Kinungi kuelekea Naivasha, saluni huinama kwenye kona kwa kiasi kinachomshtua mgeni, na ukifunga breki huinamisha pua. Lakini magurudumu yake manne yanabaki chini, na mlango ukiufungua mwisho wa safari bado unajua mahali pa kurudi.

Zipo saluni kubwa zilizochagua njia nyingine, nazo hazikuwa kazi ya watu wazembe. Ford Crown Victoria ya Marekani ilibaki na fremu ya pekee hadi ilipoacha kutengenezwa mwaka 2011, na Toyota Crown ya Japani haikuiacha ya kwake hadi kizazi cha 1995. Kati ya fremu na bodi huwekwa mito ya mpira, na kelele ya barabara hufia hapo. Ni suluhisho la heshima, ingawa kwa ladha yangu linaweka mpaka mahali ambapo 504 imeweka umoja.

Sasa tuje kwenye gharama, kwa kuwa matini nzuri haikosi mahali inapolipa. Mkono wa mshazari, kwa sababu bawaba zake zimelala kwa pembe, haulipandishi gurudumu wima. Kadiri linavyopanda ndivyo linavyoegemea ndani kwa juu na kutanuka nje kwa chini. Gari likiwa na watu wawili, badiliko hilo ni dogo na lina faida, maana kwenye kona gurudumu la nje hupata mshiko bora. Ipakie saluni hiyo abiria watano na magunia ya viazi vya Molo kwenye buti, kisha usimame nyuma yake: magurudumu yametanuka chini, na baada ya muda mfupi tairi zimelika ukingo wa ndani peke yake huku ukingo wa nje ukiwa na meno yake yote. Mafundi wengi hutibu jambo hili kwa kuweka vipande vya mpira juu ya koili ili mkia uinuke. Magurudumu husimama wima tena, lakini mkono sasa umesogezwa karibu na mwisho wa mshuko wake, na barabara inapozama ghafla gurudumu hubaki likining'inia hewani kwa kukosa masafa ya kushuka. Tiba imerudisha pembe kwa kukopa kwenye kitu ambacho gari liliundwa kukilinda.

Hapa ndipo wagoni inapoeleweka. Wahandisi waliirefusha kutoka milimita 2,740 hadi 2,900 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, wakaiongezea safu ya tatu ya viti katika ile iliyokuwa ya familia, na nyuma wakarudisha ekseli ngumu ya ukoo wa 404, na bomba lake, ikiwa na koili nne. Ekseli ngumu ina fadhila moja ambayo mkono wa mshazari hauwezi kuidai: iwe gari ni tupu au limejaa, magurudumu husimama wima. Kwa gari ambalo mzigo wake hubadilika kutoka dereva peke yake hadi watu wa viti vyote na mizigo juu ya paa, uthabiti huo una thamani kuliko wepesi wa gurudumu. Na hapa siamini kwamba Peugeot walirudi nyuma kwa woga au kwa kubana gharama tu. Walisoma mzigo kama walivyosoma barabara, wakaona kwamba maswali ni mawili.

Wakenya wengi waliijua 504 kwa wagoni hiyo kabla ya saluni. Kwa miaka mingi Peugeot za abiria ndizo zilizokuwa teksi za haraka kati ya Nairobi, Nakuru, Eldoret na Kisumu, kabla ya Nissan za abiria kumi na wanne kuchukua nafasi. Aliyepanda atakumbuka kwamba wagoni tupu ni gari gumu, lenye kurukaruka nyuma, na aliyekaa safu ya tatu, karibu kabisa na ekseli, ndiye aliyepata taarifa kamili. Ikijaa, springi zile nne huingia katikati ya masafa yake na gari hutulia. Iliandikwa ili isomwe ikiwa imejaa, na kupanda kwake kutoka Nakuru kupitia Salgaa hadi Mau Summit, watu wakiwa bega kwa bega, ndiyo hali ambayo muundo wake hukamilika.

Pikapu ya 1979 ninaipa nafasi ndogo, ingawa najua wakulima wa Njoro na Kinangop watanilaumu. Nyuma yake kuna springi za mabapa, na kwa hivyo mgawanyo wa wajibu umevunjwa: bapa linabeba na kushika kwa pamoja. Sababu zinaeleweka, maana bapa lililokatika hubadilishwa kando ya barabara, na mwenye kabichi nyingi huongeza bapa moja zaidi. Pikapu inastahili upendo inaoupata, lakini kama usanii wa muundo ni kazi dhaifu kuliko wagoni.

Safari Rally nayo haikutoa hukumu ya mwisho. Ekseli ngumu ya 404 ilikuwa na ushindi wa mara nne. Saluni ya 504, kwa mikono yake ya mshazari, ilishinda mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na kupe yake ya V6 ikashinda mwaka 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas. Takriban magari 27,000 ya 504 yaliunganishwa Kenya, na kila karakana kati ya Naivasha na Molo ilijifunza namna zote mbili za nyuma. Ilipofika zamu ya 505, kwanza saluni mwaka 1979 na kisha wagoni mwaka 1982, wahandisi walikuwa na zaidi ya muongo mmoja wa ushahidi wa kuwawezesha kuchagua namna moja na kuiacha nyingine. Saluni za hali ya juu walizipa mikono ya mshazari. Wagoni waliipa ekseli ngumu na koili nne.