Macho Mawili Ukingoni mwa Nyiragongo

Kabla ya Mei 2021, ukiwa mjini Goma usiku, ulinyanyua macho tu upande wa kaskazini ukaona mawingu mekundu juu ya volkano ya Nyiragongo. Chini yake lilichemka ziwa la lava. Mtafiti Benoît Smets na wenzake walitaka kujua uso wa ziwa hilo hupanda na kushuka kiasi gani gesi inapojikusanya na kutoka. Utafiti wao, uliotoka mwaka 2017 katika Journal of African Earth Sciences, ulitumia kamera mbili zilizotazama ziwa kwa pamoja, kama macho ya mtu.

Mimi navutwa na hilo neno "kwa pamoja". Gamba la lava halitulii. Tuseme linakwenda mita 1 kwa sekunde, kamera zimeachana mita 100, na ziwa liko mita 400 kutoka zilipo. Kamera ya pili ikichelewa sehemu ya kumi ya sekunde, gamba limeshasogea sentimita 10. Likiwa linasogea sambamba na mstari wa kamera hizo, hesabu ya umbali wa uso wa ziwa inapotoka kwa sentimita 40. Ziwa halikupanda wala kushuka. Kamera moja ilichelewa kufumbua jicho.

Kwa kazi ya namna hii naziheshimu sana kamera za viwandani. Hazingoji kidole. Waya huleta ishara ya umeme kutoka nje, na volti zikipanda tu, pikseli huanza kukusanya mwanga baada ya mikrosekunde chache. Zenye shata ya pamoja hufungua pikseli zote mara moja. Zile zinazofungua mstari baada ya mstari hupindisha umbo la kitu kinachokimbia.

Urefu wa ishara unaweza pia kuwa ndio muda wa kupokea mwanga. Hapo ndipo ustadi unapoonekana. Mara nyingi, ili umeme wa nje usiiunguze kamera, ishara hupitishwa kwenye kijitaa kidogo kinachotazamana na kipokea mwanga. Njia hiyo huwaka haraka na kuzima polepole, kwa hiyo picha hupata mwanga zaidi ya ulioamriwa. Fundi makini huipima ziada hiyo, kisha akaipunguza kwenye ishara.

Tena ishara ikifika kamera ingali inasoma picha iliyotangulia, huweza kupuuzwa kimya kimya. Picha moja ikikosekana, jozi zote zinazofuata hupishana namba. Dawa yake ni waya wa pili, unaotoka kwenye kamera na kushika volti muda wote pikseli zinapopokea mwanga. Kamera inajibu: nimefungua, nimefunga. Sijui mazungumzo mazuri kuliko hayo kati ya mtu na chombo.

Ziwa lile lilikauka katika mlipuko wa 22 Mei 2021, na baadaye lava ikaonekana tena kretani. Ndugu utakayepandisha kamera kule, unganisha huo waya wa pili ungali Goma, upime ucheleweshaji wa kila kamera mezani. Ukingoni, zaidi ya mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, baridi haikupi nafasi ya kupima tena.